Mtoto Akigeuka Mwendo: Konzo na Sumu ya Muhogo Mchungu

Mzazi humtambua mtoto wake kwa mwendo kabla hajamwona uso. Basi mwendo huo unapogeuka, mtu wa kwanza kuona si tabibu, bali ni mama au baba aliye nyumbani, na ni yeye awezaye kueleza lini na vipi mabadiliko yalianza. Maelezo hayo yana thamani kubwa, kwa maana maradhi ya miguu hufanana machoni pa mpita njia, ilhali kila moja lina chanzo chake.

Katika sehemu zenye kutegemea muhogo mchungu kwa chakula cha kila siku, liko gonjwa moja ambalo hutambulikana kwa mwendo hasa. Gonjwa hilo ni konzo. Jina lenyewe latoka katika lugha ya Wayaka wa Kwango, kusini-magharibi mwa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Mwaka 1981, wakati wa ukame, ugonjwa huo ulizuka katika jimbo la Nampula, Msumbiji, ambako wenyeji waliuita mantakassa, na watu zaidi ya 1,000 wakalemaa. Mwaka 1985 ulionekana wilayani Tarime, katika mkoa wa Mara, Tanzania, nako pia ukame ulikuwa umetangulia.

Konzo huja ghafla. Mtoto aliyelala akiwa mzima, pengine baada ya safari ndefu ya miguu, huamka asubuhi miguu ikitetemeka na kuwa mizito. Kwa kawaida katika saa chache au siku chache, na haipiti juma moja, ugonjwa huwa umefika kikomo chake. Hauendelei kuzidi, lakini pia hauponi. Miguu yote miwili huathirika kwa namna moja. Mtoto hutembea kwa ncha za vidole, visigino havigusi ardhi, magoti yamekunjika na kusuguana, na mguu mmoja hupita mbele ya mwingine kama makali ya mkasi. Ukiishika misuli utaiona imekaza. Hana ganzi, na haja ndogo hutoka kama kawaida.

Aliyepatwa kidogo hutembea bila fimbo, na huenda asitambulike hata na jirani. Huyo mwambie akimbie hadi penye mti na kurudi. Ugumu wa magoti utajitokeza papo hapo. Mwingine huhitaji fimbo moja au mbili. Aliyezidiwa kabisa hawezi kusimama, na wakati mwingine ulimi na macho navyo huathirika.

Yafaa kuutofautisha mwendo huu na mingine. Polio huanza na homa, kisha mguu, mara nyingi mmoja tu, hulegea badala ya kukaza, na baada ya muda nyama yake hupungua. Ni kweli kwamba mwezi wa Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeondokana na virusi vya asili vya polio, lakini virusi vilivyogeuka kutokana na chanjo ya matone vimeendelea kuzuka mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa. Kwa hiyo mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 anayelegea ghafla ni lazima aripotiwe upesi, ili choo chake kipimwe kabla siku 14 hazijapita.

Kuna pia mguu uliodhurika kwa sindano. Huu huwa mmoja, upande ule ule uliochomwa, na huanza mara tu baada ya sindano. Unyayo huning'inia, hivyo mtoto hunyanyua goti juu sana kama apandaye ngazi, asije akajikwaa kwa vidole vyake mwenyewe. Kilichotokea ni kwamba neva kubwa ipitayo ndani ya tako imeguswa na sindano au na dawa. Kwa mtoto mdogo mahali salama zaidi ni paja, upande wa nje. Wazazi wanaodai sindano kwa kila homa, wakidhani kidonge hakina nguvu, wangefanya vyema kulifikiri jambo hili.

Kifua kikuu cha uti wa mgongo, kwa upande wake, huja polepole kwa majuma au miezi, pamoja na maumivu ya mgongo na mara nyingine kibyongo. Kina dawa, mradi mgonjwa asicheleweshwe.

Tukirudi kwenye konzo, chanzo chake kimo jikoni. Muhogo mchungu unapokatwa au kusagwa hutoa sumu iitwayo sianidi. Mwili una njia ya kuivunja nguvu sumu hiyo, lakini kwa kazi hiyo huhitaji protini ya maharage, samaki, nyama au mayai. Familia ikila kwa majuma mengi ugali wa muhogo usioandaliwa vizuri, bila kitoweo cha maana, sumu huharibu neva zinazopeleka amri kutoka ubongoni hadi miguuni. Wanaopatwa zaidi ni watoto waliovuka miaka 3 na wanawake wa umri wa kuzaa.

Wako wasemao kwamba akina mama hawajui kupika. Huko ni kuwaonea. Mabibi zetu walijua kumenya muhogo, kuuloweka siku 3 au 4 na kuuanika juani, na ujuzi huo haujapotea. Kilichopungua ni muda na maji. Wakati wa ukame muhogo wenyewe huzidi sumu, maji ya kulowekea huwa haba, na njaa haingoji. Biashara nayo ina sehemu yake. Huko Bandundu, barabara ya lami ya kwenda Kinshasa ilipostawisha soko la muhogo, watu walifupisha kuloweka hadi siku moja tu, na konzo ikafuata.

Kwa unga ambao tayari umesagwa ipo njia nyepesi, iliyobuniwa na mtaalamu wa Australia aitwaye Howard Bradbury, na iliyotumika Popokabaka, huko huko Kwango, tangu mwaka 2010. Weka unga mkavu katika beseni na utie alama ndani mahali unga ulipofikia. Mimina maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena hadi kwenye alama. Acha hapo. Tandaza unga huo wa majimaji juu ya mkeka, unene usizidi sentimeta moja, kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu huruka pamoja na hewa. Songa ugali siku hiyo hiyo, kwani unga uliolowa hauwekeki. Kazi hii haihitaji kuni wala fedha. Muhimu ni kutopunguza saa.

Aliyekwisha kupatwa apelekwe kituo cha afya, na mzazi aeleze siku mwendo ulipogeuka, kama ni mguu mmoja au yote miwili, na unga ulitayarishwaje. Mazoezi ya kunyoosha vifundo na magoti husaidia, na baadhi hupasuliwa ili kurefusha kano ya kisigino, wakaweza kukanyaga vizuri zaidi. Mtoto aendelee na shule, hata kwa fimbo. Na unga wa nyumba hiyo ubadilishwe mara moja, kwa kuwa mgonjwa wa konzo akiendelea kula sumu ile ile aweza kushikwa mara ya pili, na aliyekuwa akitembea kwa fimbo moja akahitaji mbili.