Kivumishi cha Kiingereza kwa Mwanafunzi Anayeanza: Mchango wa Sarufi ya Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi anayekimudu Kiswahili na ambaye ndio kwanza anaanza kujifunza Kiingereza huweza kuandika "a house big" au "bigs houses". Mara nyingi sentensi kama hizo hupigwa kalamu nyekundu, naye mwanafunzi akahesabiwa kuwa mzito wa kuelewa. Hata hivyo, tangu S. Pit Corder alipochapisha makala yake kuhusu makosa ya wajifunzaji wa lugha mnamo 1967, wanaisimu wengi huyachukulia makosa kuwa ushahidi wa kanuni alizo nazo mwanafunzi akilini. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba makosa hayo mawili yanaweza kuelezwa kwa sarufi ya Kiswahili, na kwamba sarufi iyo hiyo inaweza kumsaidia mwalimu kuyarekebisha.

Mahali pa kivumishi

Katika Kiswahili, kivumishi cha sifa kwa kawaida hufuata nomino: nyumba kubwa. Katika Kiingereza huitangulia: "a big house". Vivumishi vinapokuwa kadhaa, Kiingereza hutanguliza idadi, kisha ukubwa, kisha rangi: "two big white houses". Kiswahili hakibani mpangilio kwa kiasi hicho. Nyumba kubwa nyeupe na nyumba nyeupe kubwa zote zinakubalika.

Aidha, kivumishi kinachotangulia nomino ndicho kinachoamua umbo la kibainishi. Husemwa "a house", lakini "an old house", kwa kuwa sauti inayofuata kibainishi ni irabu.

Upatanisho wa kisarufi

Kiswahili hudai upatanisho: kitabu kizuri, vitabu vizuri, mtoto mzuri, watoto wazuri. Kivumishi cha sifa cha Kiingereza hakifuati idadi ya nomino: "a good book", "good books". Kwa hivyo, anayeandika "bigs houses" hakukosa kanuni. Ameitumia kanuni mahali isipohitajika.

Dawa imo katika Kiswahili chenyewe. Vivumishi kama vile safi, hodari, ghali na rahisi havichukui viambishi vya ngeli: mtoto hodari, watoto hodari; kitabu ghali, vitabu ghali. Mwanafunzi akielezwa kwamba vivumishi vya sifa vya Kiingereza huenenda kama "safi", atakuwa amepewa kanuni ngeni kwa mfano anaoujua. Ni muhimu aonywe kuhusu viashiria pekee, ambavyo sarufi ya Kiswahili huviweka miongoni mwa vivumishi, kwani hivyo hubadilika: "this book", "these books".

Kitenzi kishirikishi

Katika sentensi "Mtoto ni mzuri" na "Watoto ni wazuri", kivumishi hubadilika ilhali "ni" husalia vilevile. Kiingereza hufanya kinyume: "The child is good", "The children are good". Kivumishi kimetulia, kitenzi ndicho kinachobadilika. Mwanafunzi akilibaini hilo, huelewa kwamba upatanisho umehamia kwenye kitenzi.

Sifa zisizotajwa kwa kivumishi

Fauka ya hayo, baadhi ya sifa ambazo Kiingereza huzieleza kwa kivumishi, Kiswahili huzieleza kwa njia nyingine. "Nimechoka" ni "I am tired". "Chungu kimejaa" ni "The pot is full". "Nina njaa" ni "I am hungry". "Gari la kijani" ni "a green car". Hapa kutafsiri neno kwa neno hupotosha, kwa hivyo sentensi nzima zilinganishwe.

Hitimisho

Inapendekezwa mwalimu aanze na sentensi za aina ya "Nyumba ni kubwa" na "The house is big", kwa sababu katika lugha zote mbili kivumishi huja mwishoni. Baadaye ndipo akihamishe hadi mbele ya nomino: "the big house".

Katiba ya Kenya ya 2010 inazitambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Mtoto anayejifunza zote mbili hastahili kufanywa aone kwamba ile anayoijua inamzuia kuipata nyingine. Mwalimu aliyesomea Kiswahili anaweza kumwonyesha mwanafunzi huyo kosa lake lilikotoka, na hapo marekebisho hayatamvunja moyo.