Fahamu Namna Mwalimu Anavyoweza Kuielekeza Akili Mnemba Ipasavyo

Andalio la somo, maswali ya mazoezi na mifano ya kufundishia ni kazi ambazo mwalimu huzifanya kila wiki, mara nyingi baada ya saa za darasani. Tangu programu ya ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 30, 2022, na nyingine kama Gemini na Copilot kufuata, sehemu ya kazi hizo inaweza kufanywa kwa msaada wa akili mnemba kupitia simu ya mkononi. Hata hivyo, ubora wa msaada huo hutegemea kwa kiasi kikubwa jambo lililo mikononi mwa mwalimu mwenyewe, nalo ni maelekezo anayoyaandika.

Maelekezo ni maneno ambayo mtumiaji huiandikia programu ili ifanye kazi fulani. Walimu wawili wanaweza kutumia programu moja kuhusu mada moja, mmoja akapata kazi inayofaa kuingia nayo darasani, na mwingine akapata karatasi isiyowahusu wanafunzi wake. Tofauti hiyo haihitaji utaalamu wa kompyuta. Hutokana na namna kila mmoja alivyolieleza darasa lake.

Programu haijui darasa lilivyo

Programu za aina hii hujifunza kutokana na maandishi mengi mno, yakiwamo yaliyomo vitabuni na katika intaneti. Zinapoulizwa swali, hutunga jibu kwa kukisia, hatua kwa hatua, maneno yanayoelekea zaidi kufuatana. Pale ambapo mwalimu hakutaja jambo, programu hulijaza pengo kwa kile kilichozoeleka zaidi katika maandishi iliyojifunza. Kwa kuwa sehemu kubwa ya maandishi hayo ni ya Kiingereza na yametoka nchi nyingine, pengo hujazwa kwa mambo ya huko.

Mwalimu wa Hisabati wa Darasa la Tano akiandika tu, “Niandalie maswali ya sehemu,” anaweza kupokea maswali ya kugawana piza, bei za bidhaa kwa dola, na shughuli inayohitaji kila mwanafunzi awe na kompyuta. Hesabu zenyewe zinaweza kuwa sahihi, lakini mwanafunzi atalazimika kwanza kuelewa mambo asiyoyafahamu kabla ya kuifikia hesabu.

Hali ni hiyo hiyo kwa muhtasari wa somo. Tanzania ilianza kutekeleza mitaala iliyoboreshwa Januari 2024, kwa awamu. Programu isiyoelezwa inaweza kuandaa somo kwa kufuata muhtasari wa zamani au wa nchi nyingine kabisa. Mwalimu anapaswa kuunakili umahiri husika kutoka katika muhtasari uliotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) na kuuweka ndani ya maelekezo yake, badala ya kutarajia kwamba programu inaufahamu.

Mambo sita ya kutaja

Maelekezo yanayojitosheleza hujibu maswali ambayo mwalimu mgeni angeuliza kama angeombwa kushika kipindi cha mwenzake:

1. Somo, darasa na nchi.
2. Umahiri unaokusudiwa, kama ulivyo katika muhtasari.
3. Hali ya darasa: idadi ya wanafunzi, muda wa kipindi na zana zilizopo.
4. Kile ambacho wanafunzi wanakijua tayari, na mahali wanapokosea.
5. Kazi inayotakiwa na umbo lake: andalio la somo, maswali, hadithi fupi au jedwali.
6. Mipaka: lugha, urefu, na mambo yasiyotakiwa.

Kwa kuyazingatia hayo, mwalimu yule wa Darasa la Tano anaweza kuandika hivi:

“Ninafundisha Hisabati Darasa la Tano katika shule ya msingi nchini Tanzania. Umahiri ninaoulenga ni kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Nina wanafunzi 70 na kipindi kimoja cha dakika 40. Nina ubao, chaki na karatasi. Hakuna umeme darasani. Wanafunzi wanaweza kujumlisha sehemu zenye asili zinazofanana. Asili zikitofautiana, wengi hujumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, hivyo huandika 1/2 + 1/4 = 2/6. Niandalie shughuli ya dakika 15 ya kukunja karatasi itakayowaonesha kwa nini jibu hilo si sahihi, kisha maswali sita yanayoanzia rahisi kwenda magumu. Tumia Kiswahili chepesi, shilingi, na bidhaa za sokoni. Weka majibu na hatua zake mwishoni.”

Sentensi yenye uzito zaidi katika maelekezo hayo ni ile inayolitaja kosa la wanafunzi. Ikiwa nayo, programu inaweza kuelekezwa kwenye kiini cha tatizo: 2/6 ni sawa na 1/3, na 1/3 ni ndogo kuliko nusu. Mwanafunzi aliyeanza na nusu, akaongeza robo, amemaliza akiwa na pungufu ya alichoanza nacho. Karatasi iliyokunjwa kuwa vipande vinne vilivyo sawa huliweka jambo hilo wazi, kwa kuwa nusu ni vipande viwili, robo ni kipande kimoja, na jumla yake ni vipande vitatu kati ya vinne, yaani 3/4.

Habari kwamba wanafunzi wake hufanya kosa hilo haimo ndani ya programu yoyote. Mwalimu ameipata kwa kusahihisha madaftari. Kwa sababu hiyo, anayewafahamu vyema wanafunzi wake ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kunufaika na teknolojia hii, hata kama hana uzoefu mkubwa wa kompyuta.

Kuendelea baada ya jibu la kwanza

Jibu la kwanza halilazimiki kuwa la mwisho. Programu nyingi hukumbuka yaliyoandikwa awali katika mazungumzo yale yale, hivyo mwalimu anaweza kurekebisha bila kuanza upya. Anaweza kuandika, “Rahisisha swali la nne,” “Ongeza maswali matatu kwa wanaomaliza mapema,” au “Eleza kwa njia nyingine kwa ajili ya wanafunzi ambao bado hawajaelewa.”

Mwalimu asiye na hakika ya kuanzia anaweza kuigeuzia programu kazi ya kuuliza: “Kabla ya kuandaa somo hili, niulize maswali matano kuhusu darasa langu.” Majibu atakayoyatoa ndiyo yatakayokuwa maelekezo kamili. Maelekezo yaliyoleta matokeo mazuri yafaa kuhifadhiwa katika simu au daftari, kisha kubadilishwa mada na darasa yanapohitajika tena. Utaratibu huo huokoa muda na gharama za bando.

Suala la lugha

Akili mnemba huweza kupokea maelekezo kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiswahili. Hata hivyo, kwa kuwa maandishi ya Kiswahili iliyojifunza ni machache kuliko ya Kiingereza, makosa ya upatanisho wa kisarufi na istilahi hutokea. Programu inaweza kuchanganya istilahi zinazotumika Tanzania na zile za Kenya, au kubuni neno jipya kwa jambo ambalo tayari lina jina katika kitabu cha kiada. Njia rahisi ya kulizuia hilo ni kuziandika istilahi ndani ya maelekezo, kama mwalimu wa mfano alivyotaja “kiasi” na “asili.”

Kwa shule za sekondari ambako masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, mwalimu anaweza kuomba maelezo ya Kiingereza chepesi pamoja na orodha ya maneno magumu na maana zake kwa Kiswahili. Vitabu vya kiada vinavyopatikana katika Maktaba Mtandao ya TET ni rejea inayofaa ya kulinganishia istilahi hizo.

Uhakiki ni wajibu wa mwalimu

Maelekezo mazuri hupunguza makosa, lakini hayayaondoi. Programu huandika jambo lisilo la kweli kwa ufasaha ule ule inaoutumia kuandika la kweli. Inaweza kutaja kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa, au kukosea mwaka wa tukio la kihistoria. Mwalimu wa historia anayepokea maelezo kuhusu Vita vya Majimaji, kwa mfano, anapaswa kuhakikisha kuwa miaka iliyotajwa ni 1905 hadi 1907, na kwamba majina ya watu na maeneo yanalingana na kitabu cha kiada.

Katika Hisabati, kila jibu lapaswa kukokotolewa upya. Kama kilo moja ya maharage ni shilingi 3,200, robo tatu ya kilo ni shilingi 2,400. Programu ikiandika kiasi kingine na mwalimu akakinakili ubaoni, wanafunzi 70 watakipeleka nyumbani katika madaftari yao. Atakayeulizwa siku inayofuata ni mwalimu, kwa kuwa ndiye aliyekiandika.

Taarifa za wanafunzi zisiingizwe

Ili maelekezo yawe na manufaa, mwalimu hueleza hali ya darasa. Hilo halimaanishi kumtaja mwanafunzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazitambua taarifa zinazohusu watoto kuwa miongoni mwa taarifa binafsi nyeti. Sheria hiyo ndiyo iliyoanzisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayosimamia utekelezaji wake.

Kwa hiyo majina ya wanafunzi, namba za mtihani, picha, hali ya afya na mambo ya familia havipaswi kuandikwa katika programu hizo. Badala ya kuandika jina la mtoto na historia yake, yatosha kuandika, “Nina mwanafunzi anayesoma kwa shida lakini anaelewa vizuri anaposikiliza.” Programu itaweza kupendekeza mbinu ya kumsaidia bila kumjua ni nani. Tahadhari hiyo inahusu pia maswali ya mitihani ambayo bado haijafanyika.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO), katika mwongozo wake wa Septemba 2023, lilipendekeza kuwa umri wa mwanafunzi kutumia programu hizi kwa kujitegemea usiwe chini ya miaka 13. Mwaka 2024 shirika hilo lilitoa mfumo wa umahiri wa akili mnemba kwa walimu, wenye umahiri 15 katika maeneo matano. Eneo la kwanza kati ya hayo linasisitiza kwamba binadamu ndiye anayebaki na uamuzi pamoja na uwajibikaji.

Pa kuanzia

Mwalimu anayeanza anaweza kuchagua mada moja anayoifahamu vizuri, akaandika maelekezo yenye mambo sita yaliyotajwa, kisha akalinganisha jibu na andalio alilokwisha kulifundishia. Kwa kuwa anaijua mada, makosa ya programu atayatambua kwa urahisi, na hapo atajifunza ni wapi pa kuiamini na wapi pa kuihakiki zaidi.

Vikao vya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) vinavyofanyika shuleni vinatoa fursa ya kulifanya jambo hilo kwa pamoja. Walimu wa somo moja wanaweza kuleta maelekezo waliyoyatumia, kuonesha majibu waliyoyapata na kuyasahihisha kwa kutumia muhtasari wa somo. Hata mwalimu asiye na simu janja anao mchango mkubwa katika kikao hicho, kwa kuwa anajua ni swali lipi wanafunzi wake hulikosa kila mwaka, na maelekezo mazuri huanzia hapo.