Reli Iliyokomea Nanyuki

Msomaji, ukitoka mjini Meru kuishika njia ya Ruiri kuelekea Isiolo, Mlima Kenya unauacha nyuma na nchi kavu ya kaskazini inafunguka mbele yako. Hapo hapana stesheni wala taruma. Reli ya kutoka Nairobi ilifika Nanyuki mwaka 1930, ikakoma. Nanyuki ikawa mji wa reli, wa magogo na viwanda vya kupasua mbao. Ruiri ikabaki mji wa malori.

Jambo hili si dogo. Gari la moshi lina karani wake, na mzigo wake huandikwa. Lori la magogo huweza kuingia msituni usiku likatoka usiku, na asubuhi asiwepo wa kuulizwa. Mwaka 1999 Shirika la Wanyamapori la Kenya liliuzunguka mlima kwa ndege, likahesabu mikafuri zaidi ya 6,700 iliyokatwa. Sisi watu wa pwani kafuri tunaijua kwa maji ya mwisho ya kumwoshea maiti. Mti huu wa mlimani si ule utoao kafuri ya dukani, ila harufu yake yaikaribia; nami niliposoma hesabu ile, mawazo yangu yalikwenda kwenye sanda.

Hata hivyo nisiifanye reli kuwa walii. Reli ya Uganda katika miaka yake ya mwanzo ilikula kuni kama tanuri la chokaa. Na bahari ni vivyo hivyo: kwetu Lamu majahazi yalipakia boriti za mikoko kwenda Arabuni, hata serikali ikapiga marufuku kuziuza ng'ambo mwaka 1982. Chombo kikipata njia, mti ndio hulipa nauli.

Sasa njia nyingine yaja. Mwaka 2012 ulizinduliwa mradi wa LAPSSET: bandari Lamu, na reli ya kupanda mpaka Isiolo, chini tu ya Ruiri. Gati la kwanza lilianza kazi mwaka 2021. Reli ingali kwenye karatasi. Nayo marufuku ya kukata miti katika misitu ya serikali, iliyowekwa 2018, ilitangazwa kuondolewa 2023.

Tembo wa mlimani, tangu mwaka 2011, wana kivuko chao chini ya barabara kuu ya Nanyuki na Meru, nao hukitumia. Yupo basi aliyeketi akamfikiria tembo. Juu ya mkafuri, na muuru wa Meru, mchoro wake bado sijauona.