Taa za gari zikigoma kuzima: rilei kwanza, swichi baadaye

MNUNUZI anayefika dukani Gerezani, Dar es Salaam, akiulizia swichi ya taa kwa sababu taa kubwa za gari lake hazizimi, atauziwa swichi. Muuzaji hana sababu ya kumkatalia. Swichi ya mkono wa usukani ni kipuri cha bei ya kuumiza, na risiti yake huwa na maneno yale yale: mali ikishauzwa hairudishwi. Lakini huenda kilichoharibika ni rilei, kiboksi kidogo kilichoko chini ya boneti, ambacho bei yake haikaribii ya swichi.

Katika magari mengi ya Kijapani, umeme mkubwa wa taa haupiti kwenye swichi. Swichi hutoa amri tu, na rilei ndiyo inayofunga na kufungua njia ya umeme. Ndani ya rilei mna vipande viwili vya chuma vinavyokutana taa zinapowashwa. Vikiungua hugandana, na hapo dereva atazungusha swichi mpaka achoke.

Chanzo kimoja cha kuungua huko kinauzwa kaunta hiyo hiyo. Balbu ya kawaida ya H4 hutumia wati 55 kwa taa ya chini na 60 kwa taa ya juu. Zile zinazosifiwa kwa mwanga mkali huwa za wati 90 kwa 100. Umeme unaopita unaongezeka kwa takriban theluthi mbili, ilhali waya, soketi na rilei ni vile vile vilivyotoka kiwandani.

Kipimo hakihitaji fedha. Katika kisanduku cha fyuzi, rilei ya honi mara nyingi ni ya aina moja na ya taa. Zikilingana namba na miguu, zibadilishwe nafasi huku swichi ikiwa imezimwa. Taa zikizima, rilei ndiyo mbovu. Zikiendelea kuwaka, amri bado inatoka mahali fulani, hivyo soketi ya swichi ichomolewe. Taa zikizima hapo, basi swichi inunuliwe kwa haki. Zisipozima, fundi umeme afuate waya: katika Toyota nyingi za zamani rilei huwashwa kwa kuunganishwa na upande hasi, hivyo waya uliochubuka ukigusa bodi unatosha kuwasha taa.

Hasara ya kuahirisha kazi hiyo ni betri. Taa mbili za wati 55 pamoja na taa ndogo hutumia takriban ampea 11. Betri ya ampea-saa 45, hata ikiwa mpya na imejaa, haimalizi saa nne na nusu. Gari lililoegeshwa saa nne usiku litakuwa kimya kabla ya alfajiri, na betri ya asidi ikikaushwa hivyo mara kadhaa hairudii nguvu yake. Usiku wa kwanza, kuchomoa rilei ya taa, au kufungua waya hasi wa betri, kunatosha mpaka asubuhi. Kuendesha bila taa usiku ni jambo jingine kabisa.

Magari mapya zaidi yana mkanganyiko wake. Japani ililazimisha taa zinazojiwasha zenyewe giza linapoingia, kuanzia Aprili 2020 kwa aina mpya za magari ya abiria na Oktoba 2021 kwa aina zilizokuwa zikiendelea kutengenezwa. Magari hayo hayamruhusu dereva kuzima taa akiwa mwendoni gizani, na si ubovu. Kwa magari yenye mfumo wa namna hiyo, jicho linalopima mwanga huwa juu ya dashibodi, karibu na kioo cha mbele. Likifunikwa na zulia la manyoya, gari huamini ni usiku na kuwasha taa saa sita mchana. Dawa yake ni kuliondoa zulia.