Mlenga Shabaha Asiye na Singe

Kila ninapozungumzia vita vya uhuru wa Marekani, vya 1775 hadi 1783, naulizwa swali lile lile: Waingereza walikuwa na akili gani kusimama mistari mirefu na makoti mekundu, huku wakulima wakiwadungua kutoka nyuma ya miti? Anayeuliza hivyo ameshajijibu, na amejijibu vibaya. Ushindi ule haukuletwa na mkulima aliyejibanza na bunduki yake ya kuwindia.

Itazame silaha yenyewe. Askari wa kawaida wa pande zote mbili alibeba gobore la gumegume, laini ndani ya mtutu. Risasi ilikuwa ndogo kuliko tundu, hivyo ilishuka upesi, na aliyefunzwa vizuri alifyatua mara tatu kwa dakika. Lakini kupita mita 80 hivi, kumpata mtu uliyemkusudia ilikuwa bahati. Ndiyo maana watu walipangwa bega kwa bega: risasi zitoke kwa pamoja, amri isikike, singe ziwe tayari. Huo si ujinga.

Bunduki ya Pennsylvania ilikuwa na mifereji inayojizungusha ndani ya mtutu. Mpigaji aliiviringia risasi kitambaa chenye mafuta, akaisukuma kwa mdeki, nayo ikibana njia nzima mpaka ikalie baruti. Ilitoka ikizunguka, na aliyesimama mita 200 hakuwa salama. Lakini kuishindilia kulikula karibu dakika nzima, na haikuwa na mahali pa kufungia singe. Piga hesabu: adui aliye mita 100 akikujia mbio, singe mbele, anakufikia kwa nusu dakika hivi. Risasi moja umeshapiga. Ya pili huiwahi. Long Island, Agosti 27, 1776, askari wa Kijerumani kutoka Hesse, waliopigania Uingereza, waliwamaliza wapigaji wa namna hiyo humo humo msituni, kwa singe.

Na wale waliowaandama Waingereza njia nzima kutoka Concord, Aprili 19, 1775? Wengi wao walikuwa na magobore. Tena Waingereza wenyewe walijua vita vya msituni: kila batalioni ilikuwa na kombania ya askari wepesi, na walikodi wawindaji wa Kijerumani wenye bunduki za mifereji. Hadithi ya mjinga mwenye koti jekundu inapendeza, lakini inawanyima haki waliopigana kweli, wa pande zote mbili.

Mtu atanitajia Kings Mountain, Oktoba 7, 1780. Sawa, pale bunduki za mifereji zilishinda. Kilima kilikuwa na miti. Wafuasi wa mfalme waliposhuka na singe, washambuliaji walirudi nyuma, kisha wakapanda tena, na hakukuwa na jeshi jingine la kuwafuatia. Uwanja wa namna hiyo haupatikani kila siku.

Daniel Morgan, kamanda wa wapigaji wa Kimarekani wa bunduki za mifereji, alilijua hilo. Saratoga, 1777, watu wake wapatao 500 waliwaangusha maofisa na wapiga mizinga wa Uingereza, lakini walipowakimbiza waliokimbia walikutana na kikosi kikubwa wakatawanyika. Waliopangwa kupigana bega kwa bega nao walikuwa askari wepesi wa Henry Dearborn, wenye magobore na singe.

Basi mwenye watu kama hawa awatumie hivi: wakae mbele au pembeni, kamwe wasiwe nguzo ya mstari. Walenge maofisa na wapiga mizinga kwanza. Wafanye kazi wawili wawili, mmoja asifyatue mpaka mwenzake ameshindilia. Njia ya kurudi ijulikane mapema. Na nyuma yao wawepo wenye singe, karibu.

Cowpens, Januari 17, 1781, Morgan aliwatanguliza wapigaji wa bunduki za mifereji, nyuma yao wanamgambo walioombwa risasi mbili tu kisha waondoke, halafu askari wa kudumu wa John Eager Howard. Banastre Tarleton, kamanda wa Waingereza, alifika na watu wapatao 1,100, akapoteza zaidi ya 800, wengi wao mateka. Waliovunja mstari wake ni watu wa Howard, kwa singe, huku farasi wa William Washington wakimwingilia ubavuni.