Hadhira Inayojibu Kabla ya Kusikia

Sisi tunaofundisha fasihi simulizi hatuchoki kuwakumbusha wanafunzi kwamba ngano si ya msimulizi peke yake. Fanani husema "Paukwa!", na asipoitikiwa "Pakawa!" hana pa kuanzia; hadhira ikisinzia hubadilisha sauti, au hufupisha, au humwingiza fisi kabla ya wakati wake. Kwa hivyo kila niwasikiapo wataalamu wakidai kwamba vyombo vipya vya mawasiliano ndivyo vilivyompa msikilizaji kinywa kwa mara ya kwanza, huwa natabasamu. Kinywa alikuwa nacho tangu jadi. Alichopokonywa na redio na televisheni ndicho anachorudishiwa sasa, na swali langu ni kama anarudishiwa chote.

Mapema katika miaka ya 1980 palikuwapo nchini mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio, kuanzia darasa la kwanza hadi la tatu, katika baadhi ya shule za mashambani. Masomo yalirekodiwa yakiachiwa vituo vya kimya: mtangazaji aliuliza, akanyamaza sekunde chache, nasi watoto tukajibu kwa pamoja, tukasimama, tukanyoosha vidole mlangoni. Nilikuwa miongoni mwa watoto hao. Nakumbuka siku ambayo mwenzetu alitakiwa kuonyesha dirisha akaonyesha paa, na sisi sote tukamfuata. Kimya kikaisha, redio ikatupongeza: vizuri sana! Tulicheka hadi mwalimu akaizima. Redio ile ilikuwa na adabu ya kusubiri, ila masikio haikuwa nayo.

Waliotaka kusikika iliwabidi waandike. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alikipa kipindi chake jina ambalo lenyewe ni swali kwa msikilizaji, "Je, Huu ni Ungwana?", lakini mwenye jibu alihitaji kalamu, stempu na subira.

Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, niliunda kundi la WhatsApp la Kidato cha Pili. Kati ya wanafunzi 43 niliwapata 26, na wengi wao walitumia simu za wazazi. Usiku wa kwanza nikasimulia ngano ya sungura na fisi kwa ujumbe wa sauti wa dakika 12. Haikutimia dakika ya pili, pongezi zikaanza kumiminika: makofi, mioyo, "Hongera mwalimu". Wakati huo sungura alikuwa hata hajatokea! Ama kweli mambo yaligeuka. Utotoni redio ilinisifu bila kunisikia, na sasa mimi ndimi niliyekuwa redio, nikisifiwa bila kusikilizwa.

Nikabadilisha mbinu. Niliikata ngano vipande vya dakika mbili mbili, kila kipande nikikikomesha kwenye swali, na sikutuma kinachofuata hadi angalau watatu waseme jambo la kuonyesha kwamba wamesikia. Hapo pakazuka kile ambacho ubao haujawahi kunipa. Walibishana hadi usiku wa manane iwapo sungura ni shujaa au tapeli. Mmoja alimrekodi nyanya yake akisimulia mwisho tofauti kabisa na wangu, nasi sote tukaufuata ule wa nyanya. Ngano ilikoma kuwa yangu, na sioni haya kukiri kwamba ilikuwa bora zaidi.

Kizazi hicho hicho, kilipokwisha kumaliza shule, ndicho kilichoushangaza umma Juni 2024. Mswada wa Fedha, andiko ambalo aghalabu husomwa na mawakili na wahasibu, ulichambuliwa vifungu vyake, ukafafanuliwa kwa video fupi, ukatafsiriwa kwa lugha za nyumbani, ukajadiliwa na maelfu katika mtandao wa X. Damu ilimwagika barabarani tarehe 25, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hangeutia saini. Wapo waliosambaza wasichokisoma, nami siwatetei. Lakini anayeshikilia kwamba vijana wa simu hawasomi sharti aeleze ni lini tena mswada wa kodi uliwahi kuzungumziwa kifungu kwa kifungu katika matatu na vibandani.

Kinachonitia wasiwasi ni upande wa pili. Chombo kikimpa kila mtu kinywa, masikio ya kutosha yatatoka wapi? Wengi wetu walimu tumezoea kuwalaumu wanafunzi katika jambo hili, wala mimi sikuwa tofauti.

Shule zilipofunguliwa Januari 2021, msichana mmoja mkimya, ambaye darasani hakuwa akiinua mkono, alinijia nje ya chumba cha walimu, akaniuliza kwa adabu kama niliwahi kuusikiliza ujumbe wake.

"Upi, mwanangu?"

Akasema ni ule wa mwezi wa Juni, alioutuma usiku mama yake alipokwisha kulala, maana mchana simu ilikuwa ya biashara. Nilisubiri aondoke, nikaitoa simu, nikapekua mamia ya jumbe hadi nikaupata. Ulikuwa wa dakika tatu na haukuwahi kufunguliwa. Aliuliza kwa nini katika ngano nilizosimulia fisi hapewi nafasi ya kujitetea, kisha akamtetea yeye mwenyewe kwa hoja ambazo ningefurahi kuzisikia kwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na mwishowe akaomba nimwambie kama amekosea. Chini yake palikuwa na jibu langu, lililotumwa dakika ile ile ujumbe ulipoingia: "Vizuri sana!"