Utomvu wa Papai na Uvimbe wa Titi

Juzi bibi mmoja mwenye uvimbe wa titi aliniuliza suala lile lile nililokwisha kuulizwa na wengi kabla yake, ya kwamba ikiwa utomvu wa papai huilainisha nyama ya mishkaki, kwa nini usiiyeyushe nyama hii iliyomwota kifuani. Hauiyeyushi, na naomba nisiulizwe tena.

Kimeng'enya cha papai kikinywewa hupokewa na tumbo, likakisaga kama lisagavyo protini ya kunde; na kikipakwa juu ya titi, kwa kuwa hakina akili ya kubagua nyama yenye maradhi na nyama nzima, huichubua ngozi, hata mgonjwa aliyekuja na uvimbe wa kadiri ya mbaazi hurejea baada ya miezi ana kidonda, na tezi za kwapani zimekwisha kuvimba. Huko Marekani, wagonjwa wa saratani ya kongosho walipoachiwa wajichagulie tiba, nusu ya waliochagua vimeng'enya walikwisha kufariki ilipotimu miezi 4.3, hali wenzao waliochagua dawa za kemikali walifika miezi 14 ndipo nusu yao wakafariki.

Tena kukata protini ndiyo kazi ya saratani yenyewe. Mirija ya maziwa imezungukwa na utando mwembamba wa kolajeni, na maadamu seli zenye maradhi zimo ndani yake hazina njia ya kusafiri; vinavyozifungulia njia ni vimeng'enya vyenye zinki, vya ukoo ule ambao watafiti Gross na Lapiere waliubaini mwaka 1962 katika mkia wa kiluwiluwi unaotoweka, na ajabu ni kwamba kimojawapo, kilichogunduliwa Strasbourg mwaka 1990 katika saratani ya titi, hutengenezwa na seli jirani zisizokuwa na saratani. Dawa ya kuvizuia, marimastat, ilijaribiwa kwa wanawake ambao saratani ilikwisha kuwaenea. Haikuwafaa kitu, ikawaumiza viungo, na baadaye ikadhihirika kwamba baadhi ya vimeng'enya hivyo huulinda mwili.

Basi uvimbe upimwe kwa picha, uchomwe sindano ya kutoa kinyama, ambayo haisambazi saratani kama inavyodaiwa vibarazani, na kinyama kipimwe vipokezi vya homoni na protini ya HER2. Kisha, kwa kadiri ya majibu, upasuaji, mionzi, dawa za kemikali, tamoksifeni au trastuzumabu. Papai ulile kwa tunda. Yule bibi nimempa barua ya hospitali, na Jumatatu atapimwa.